Bega la Kushoto

Mwanamke akinyang'anywa mume anajua pa kuanzia. Atauliza jina la mwenzake, atamtafuta mtaa kwa mtaa, na akijaliwa atamkamata nywele. Lakini fundi cherehani akinyang'anywa mteja na simu, amkamate nani? Simu haina nywele. Hilo ndilo lililomkwama Fundi kooni mchana ule wa Jumapili, ameketi mezani kwa kaka yake, chakula kiko mbele yake hakijaguswa, macho yako kwenye gauni la kijani alilovaa wifi yake. Lilikuwa gauni zuri, na hakulishona yeye.

Wifi huyu alikuwa mwalimu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuvaa nguo iliyoshonwa na mkono mwingine. Sketi za kazini, magauni ya sherehe, hata gauni la harusi, yote yalipita chini ya sindano ya Fundi. Tena huyo kaka alimwona hapohapo kwenye chumba cha ushonaji, siku alipofuata suruali yake akamkuta binti mmoja anajigeuzageuza mbele ya kioo. Fundi hupenda kusimulia kwamba kaka yake alipenda gauni kwanza, aliyekuwemo ndani akapewa kama nyongeza. Watu wakicheka naye hucheka, lakini moyoni anaamini ndivyo ilivyokuwa.

"Limetoka wapi hilo?" akauliza, sauti ameilainisha kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Nje," wifi akajibu. "Mwanao, huyu binti yangu, alinionyesha kwenye simu, tukaagiza. Wiki tatu likafika."

"Nje kukubwa, wifi. Nje gani?"

"Nje ya nchi. Sijui hata ni wapi. Kula bwana, chakula kinapoa."

Kaka mtu, ambaye hata akivaa shati ndani nje hajui mpaka aambiwe, alidakia kwamba gauni limempendeza sana mkewe. Fundi akamtupia jicho ambalo lingeangukia maziwa yangeganda. Kisha akainamia sahani, na hapo ndipo, kwa pembe ya jicho, alipoliona bega.

Hapa pana siri, na ni vizuri tuijue mapema. Bega la kushoto la wifi limeshuka. Si kilema cha kumfanya mtu ageuke barabarani, ni kama upana wa kidole gumba tu, lakini nguo haidanganywi. Fundi aliligundua siku ya kwanza kabisa alipomzungushia tepu, wakati huo hajawa wifi, ni binti tu anayesomea ualimu, mwenye aibu na mabega ameyakunja. Bibi aliyemfundisha Fundi kazi alikuwa na maneno yake: mwili wa mteja ni amana, ukiuona umeuona, mdomo ufunge kwa uzi uleule. Basi Fundi hakusema kitu. Alichukua pamba, akaibana kati ya vitambaa viwili vigumu, akaizungushia bitana, akapata kimto kidogo cha kukaa kiganjani. Akakishonea ndani ya bega la kushoto. Binti alipovaa na kusimama mbele ya kile kioo kikubwa, alijitazama muda mrefu, halafu akanyanyua kidevu. Tangu siku ile, kila nguo ya wifi ilikuwa na kimto chake upande wa kushoto, na upande wa kulia hakuna kitu. Wifi hakuwahi kuuliza, Fundi hakuwahi kusema.

Gauni la kijani halikuwa na kimto. Mkunjo mmoja ulitoka shingoni ukateremka mpaka kwapani, na ukosi ulikuwa umelala upande kama mtu anayesinzia. Raha aliyoisikia Fundi ni ile ya mtu aliyekunwa mgongo mahali mkono wake haufiki. Akala chakula chote, akaomba kuongezewa.

Raha haikufika hata nyumbani. Njiani alianza kuwaza: mbona anaonekana hajali? Mbona anacheka tu ndani ya nguo iliyopinda? Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga hawakukosea. Lakini yeye hakutaka kuwa cha zamani.

Vikafuata vifurushi vingine vitatu, ndani ya miezi michache. Fundi hakuonyeshwa, alivisikia. Muuza duka wa jirani alimwambia, "Wifi yako leo kapendeza, blauzi ya nje ile." Siku nyingine akaambiwa koti, siku nyingine sketi. Na wifi mwenyewe, ambaye zamani hakupita mtaa ule bila kuingia japo kusalimia na kukaa kwenye kigoda chake karibu na meza ya pasi, sasa alikuwa hapiti kabisa. Akikutana na Fundi kwa kaka, atauliza habari za kazi, za mgongo, za watoto wa jirani, yote hayo huku macho yako pembeni.

Chumba cha ushonaji Fundi alikigawana na mzee mmoja aliyeitwa Babu Matundu, kwa sababu alisifika kwa matundu ya vifungo, aliyashona kwa mkono, moja baada ya jingine, yote sawasawa. Kazi yake nyingine ilikuwa kupanua suruali za wanaume walionenepa, na kazi ya tatu, asiyolipwa na mtu, ilikuwa kumchokoza Fundi.

"Huyo wifi ni mumeo?" akamuuliza siku moja. "Mimi mke wangu alikwenda kwao miezi miwili, sikununa hivyo."

"Lakini alirudi?"

"Alirudi. Hapo ndipo niliponuna."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yake. Alikwishaufahamu ule mtandao wa nguo kuliko wateja wake wenyewe, kila akipata nafasi huufungua, akazivuta picha mpaka zikawa kubwa, akahesabu mishono. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa. Akikosa, hasira. Akipata, hasira vilevile, maana wifi kaliacha zuri lake kwa hili! Na nyuma ya zile picha alikwisha kumtengeneza mwanamke mzima, fundi wa huko nje: mwembamba, kucha ndefu, cherehani isiyokata uzi, taa nyeupe juu ya kichwa. Kwa chuki akampa na kikohozi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alinong'ona.

"Unamwambia nani?" akauliza Babu Matundu.

"Naiambia simu."

Ndipo ikaja habari. Wifi kateuliwa kuwa mkuu wa shule. Kaka mtu alipiga simu akiwa amevimba kwa fahari, kana kwamba kateuliwa yeye: sherehe ya kukabidhiwa ofisi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, wazazi watakuwepo, maofisa wa elimu watakuwepo, na mkuu mpya atasimama jukwaani kuhutubia. Fundi alitoa shangwe mpaka wateja wakageuka. Kisha akapanda juu ya kigoda, akateremsha kutoka rafu ya juu kabisa kitambaa cha zambarau iliyokolea. Alikuwa amekinunua miaka miwili nyuma, akakifunga kwenye karatasi na kukataa kumuuzia mtu yeyote, akisema kina mwenyewe.

Siku hiyo, akajiambia, hawezi kuvaa vitu vya kwenye mfuko wa plastiki. Siku hiyo atakuja. Akija siku hiyo, basi hayo mengine yote nimeyasamehe.

Akakikunjua kitambaa, akakipiga pasi, akakitandika mezani. Akasubiri wiki ya kwanza. Wiki ya pili ilipoanza, aliyekuja ni binti wa wifi.

Binti huyu alikuwa chuoni, mcheshi, mwenye vidole vinavyokimbia juu ya simu kama vya mtu anayechambua mchele. Alimkumbatia shangazi yake kutoka nyuma, akavuta kigoda.

"Shangazi, nina ombi, lakini mama asijue. Nguo anazoagiza hazimkai vizuri. Kila moja inamvuta mahali. Mimi nadhani tunakosea vipimo, maana tunajipimia wenyewe pale nyumbani na kamba. Sasa hii suti ya sherehe sitaki ikosewe. Wewe una vipimo vyake vyote. Nisomee, niwatumie."

Akamwonyesha picha. Koti na sketi, rangi ya damu ya mzee, kola imekatwa kwa mkono usiotetemeka. Aliyeivaa pichani alikuwa msichana asiye na nyonga wala tumbo, ametundikwa tu. Fundi aliitazama suti ile na roho ikamuuma mahali papya. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko aliyokuwa ameichora kichwani kwa kitambaa cha zambarau, na yeye, ambaye macho yake hayakuwahi kumdanganya juu ya nguo, alilijua hilo papo hapo.

"Mama ndiye aliyeichagua?"

"Mwenyewe. Anaiota."

Fundi akafungua droo, akatoa daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa, lakini wifi ana kurasa tatu, kwa sababu kiuno chake kimehama mara nne na kila kilipohamia kuliandikwa. Akaanza kusoma, binti anaandika. Kifua. Kiuno. Nyonga. Urefu wa mkono. Upana wa mgongo. Akafika kwenye mstari wa bega hadi kiuno, ambako ukurasa wa wifi, na wa wifi peke yake, ulikuwa na namba mbili. Kulia, inchi kumi na saba. Kushoto, kumi na sita na robo.

"Kumi na saba," akasoma.

Babu Matundu akainua kichwa kutoka kwenye tundu lake la kifungo.

"Namba ni hiyo moja tu?" akauliza.

"Simu imeuliza moja."

"Halafu kuna swali hapa chini," binti akasema, asijue kinachopita juu ya kichwa chake. "Wanauliza kama kuna jambo lolote kuhusu mwili wa mvaaji ambalo fundi wao anapaswa kulijua. Lipo, shangazi?"

Tuseme ukweli: Fundi alipewa nafasi, tena ya wazi kabisa. Angeweza kusema. Lakini alimwona yule mwanamke wa nje, mwenye kucha na taa nyeupe, akisoma neno lile kwenye kioo cha simu yake, akitabasamu, akilikata bega la wifi kwa mkasi wake. Miaka ishirini na miwili nimelitunza, nimpe yeye kwa sekunde moja? Wivu ukamjaa mdomoni kama maji ya chumvi.

"Hakuna," akasema. "Andika hakuna."

Binti akaandika, akambusu shavuni, akaondoka na furaha zake. Babu Matundu alivua miwani, akaifuta muda mrefu na kipande cha bitana.

"Mimi sijasikia kitu," akasema hatimaye. "Masikio yangu ya kizee."

"Basi nyamaza nayo."

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, wifi aliingia mwenyewe. Chumba kilikuwa na watu: muuguzi aliyefuata sare yake, mama mmoja na suruali ya mumewe, Babu Matundu kwenye pembe yake. Wifi alibeba mfuko wa plastiki wa kijivu, binti yake nyuma. Ilikuwa miezi saba tangu aguse mlango ule. Fundi alimwona tangu yuko barabarani, moyo ukamruka, akaubana. Akaendelea kushona pindo lisilokuwa na haraka yoyote, akamwacha wifi asimame kidogo.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Umepotea, nikadhani umehama nchi pamoja na nguo zako."

Kijembe hicho wifi alikipokea kwa kucheka kidogo. Akauliza kama anaweza kwenda nyuma ya pazia, akaenda. Alipotoka, muuguzi alisema "Yuu!" bila kujizuia. Kwa mbele, kuanzia kifuani kwenda chini, suti ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Vipimo vya Fundi vilikuwa vipimo. Lakini pale juu koti lilikuwa limeanguka kushoto, mkunjo umekaza kutoka shingoni, pande za kola zimepishana, hata kifungo cha juu kilionekana kimepotea njia.

Fundi akasogea. Akaligeuza pindo la koti aone ndani, akitumaini nyuzi zinazoning'inia, bitana iliyobandikwa ovyo. Hakuona. Bitana ilikuwa imefungwa kwa mkono, mishono midogo, yote inatazama upande mmoja. Aliyeishona alikuwa fundi kwelikweli.

"Inanivuta hapa," wifi akasema taratibu, akigusa shingo, macho yake yako kwenye kioo na si kwa Fundi. "Wenzetu wanashona vizuri, lakini hapa sijui wamekosea wapi. Nimeona nikuletee wewe. Wewe ndiye unayejua kunirekebishia."

Mtu mwingine angesikia ombi ndani ya maneno hayo. Fundi alisikia "wenzetu wanashona vizuri". Alisikia miezi saba ya kigoda kitupu, na kitambaa cha zambarau kilichopigwa pasi bure, na sasa aliyeachwa anaitwa aje kusafishia viatu vya aliyechukua nafasi yake.

"Hawajakosea," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoipanga. "Koti limenyooka. Wewe ndiye uliyepinda. Bega lako la kushoto limeshuka, wifi, na limeshuka tangu nikujue. Miaka ishirini na miwili nimekunyoosha kwa mikono yangu hii, kila nguo, kila nguo! Mwambie basi huyo wa nje naye akunyooshe."

Muuguzi akainamia sare yake. Yule mama mwenye suruali alijifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Fundi mwenyewe, maneno yalipomtoka, aliyatamani yarudi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Wifi hakugeuka. Alizungumza na kioo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua lote. Mwezi ule nilioanza kuagiza, nilikuwa nafua lile gauni la kijivu. Bitana imefumuka begani. Kikaanguka kitu kwenye beseni. Nikadhani ni kitambaa umekisahau ndani, nikacheka. Nikatazama upande wa pili, hakuna. Nikaenda kabatini, nikachukua jingine, nikapapasa. Kipo, kushoto. Jingine, kushoto. Nguo kumi na moja, wifi. Nilikaa kitandani nimezungukwa na nguo kumi na moja."

"Mama," binti akasema.

"Acha niseme, kwa kuwa limeshaanza kusemwa. Nikiwa mdogo shuleni waliniita Mizani. Mama yangu alinilazimisha kubeba ndoo kwa mkono wa kulia tu, eti upande ule mwingine upumzike, upate kuinuka. Haukuinuka. Nilikuja hapa, ukanishonea gauni la kwanza, nikasimama mbele ya kioo hiki." Akakigusa kwa ncha ya kidole. "Kioo cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kuonea uso tu. Nikajiona nimenyooka. Wewe ulikaa kimya, nami nikadhani limepona. Nimeishi miaka ishirini na miwili nikidhani limepona."

Fundi alishika ncha za tepu iliyoning'inia shingoni mwake.

"Sikukukasirikia. Nilikuonea haya. Ningesimamaje tena mbele yako unipime, unajua, najua, na wote tumenyamaza? Wale wa nje hawanijui. Nguo yao ikipinda nasema wamekosea kukata, basi, naendelea na kazi zangu. Lakini hii ya Jumamosi sikuweza. Nikasema nitakwenda kwa wifi. Nitamwambia wamekosea wao, naye atasema ndiyo, wamekosea, atachukua koti, atalirudisha limekaa sawa, na hatutasema neno, kama zamani. Nilikuachia mlango wazi kabisa."

Akaanza kulifungua koti, kifungo kimoja kimoja.

"Lakini shangazi," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu ambayo hataki itimie, "mimi nilikuja nikakuuliza. Nilikusomea swali. Ukasema niandike hakuna."

Wifi akageuka kwa mara ya kwanza. Akamtazama binti yake, kisha Fundi, tena kwa muda. Fundi alingoja atukanwe. Angelipa chochote atukanwe.

"Kumbe na hivi vipimo ni vyako," wifi akasema tu.

"Nipe hilo koti," Fundi akamwambia, mikono imeshatangulia. "Nipe, saa moja tu. Kaa hapo kwenye kigoda chako, saa moja haitaisha."

"Hapana, wifi. Litabaki hivihivi."

Akavaa nguo zake, akalikunja koti, akalirudisha kwenye mfuko wa kijivu. Mlangoni aliwaaga wote, hata Babu Matundu, kwa heshima zake zote za kiualimu. Muuguzi alichukua sare yake bila kuijaribu.

Wiki ile Fundi hakushona tena kazi ya mtu. Ijumaa yote alikata na kushona kile kitambaa cha zambarau, bila kula, bila kujibu salamu. Koti likakamilika, sketi ikakamilika. Kwenye bega la kushoto alisita, sindano iko mkononi, kimto kiko mezani. Akitie, asikitie? Babu Matundu, aliyekuwa anamtobolea matundu bila kuombwa, hakutoa ushauri, na kwa mzee yule hilo lilikuwa jambo la kuogopesha. Mwishowe Fundi alikitia. Hakujua kumshonea wifi yake namna nyingine.

Jioni, jua lingalipo, aliipeleka suti. Aliyefungua mlango ni kaka yake. Akaipokea kwenye hanga, akaitazama, akamtazama dada yake.

"Amelala," akasema, ingawa sauti ya wifi ilisikika jikoni, ikiuliza nani huyo.

Jumamosi Fundi alifika shuleni mapema kuliko wenye shule. Alichagua kiti cha safu ya pili, akaweka mkoba mapajani, akaanza kuutazama mlango wa ofisi. Zambarau au damu ya mzee? Wanafunzi walipangwa mistari. Wazazi walijaa. Maofisa walifika, wakakaa, wakajipepea kwa ratiba. Zambarau, aliomba. Akivaa zambarau nimesamehewa. Mlango ukafunguliwa, wifi akatoka, na suti ilikuwa ya damu ya mzee.

Hakuwa ameifanyia kitu. Koti limeanguka kushoto, mkunjo wake uleule, kola yake ileile. Alitembea kutoka ofisini mpaka jukwaani mbele ya mamia ya watu, hakukunja mabega, hakushika shingo. Akapokea funguo. Akahutubia, akataja vyoo vibovu na vitabu visivyotosha, akawachekesha wazazi, akawanyamazisha wanafunzi kwa kuinua mkono tu. Mama mmoja nyuma ya Fundi alimwambia mwenzake, "Mkuu wetu mpya ana msimamo. Na koti lile, la nje lile." Fundi alitaka kugeuka amweleze koti lile lina kasoro gani. Hakugeuka, kwa sababu aligundua kwamba katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyekuwa anatazama bega.

Baadaye mpiga picha aliita familia. Kaka alisimama kulia, binti mbele, ndugu wengine wakajipanga. Fundi alisogea mpaka ubavuni mwa wifi, upande wa kushoto, na mkono wake, uliozoea, ukainuka wenyewe kuiweka kola sawa. Wifi aliudaka mkono ule hewani. Hakuubana, hakuutupa. Aliushusha taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto kutoka mezani, akauachia.

"Acha, wifi," akasema kwa sauti ya chini.

Mpiga picha alichungulia kwenye kamera, akainua kichwa, akachungulia tena.

"Mkuu, samahani. Hebu inua kidogo hilo bega la kushoto, liende sawa na jingine."

"Ndivyo lilivyo," wifi akajibu. "Piga."

Wivu uliomshika Fundi hapo haukuwa ule aliouzoea. Hakumwonea wivu yule mwanamke wa nje, na kucha zake, na taa yake, na kikohozi chake. Huyo alimsahau kabisa, kama hakuwahi kuwepo. Alimwonea wivu wifi yake. Alimwonea wivu kwa kusimama pale bila kimto, bila yeye, akiwa amenyanyua kidevu vilevile kama siku ile ya kwanza mbele ya kioo. Yeye alidhani ndiye aliyekinyanyua. Uliuma kuliko wivu wote uliotangulia, kwa sababu huu haukuwa na mtu wa kumchukia.

Wengine wote wakatazama kamera, wakatabasamu. Mpiga picha akahesabu moja, mbili, akasimama.

"Na wewe mama wa pembeni," akaita. "Tazama huku."